Ukienda Kabras likizoni, chagua njia kabla ya baiskeli

Desemba inapokaribia, mabasi ya kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa hujaa watu wanaorudi nyumbani magharibi. Wengi wao wamekaa mwaka mzima: ofisini kitini, ndani ya matatu kitini, jioni mbele ya televisheni kitini. Wakishafika Kabras huvutiwa kiti kingine chini ya mwembe, ingokho huchinjwa, chai ya maziwa huletwa mara tano kwa siku, na likizo hupita hivyo. Januari wanaporudi mjini, mshipi unabana na presha imepanda.

Juma hili tutazungumza juu ya dawa ambayo huhitaji kuinunua, kwa sababu pengine imeegemezwa ukutani nyuma ya jikoni la nyanya. Dawa hiyo ni baiskeli. Lakini ieleweke tangu mwanzo kwamba kwa mtu wa makamo aliyezoea kukaa, jambo la kwanza si aina ya baiskeli bali ni njia atakayopita. Njia nzuri huifanya baiskeli kuwa tiba. Njia mbaya yaweza kukulaza hospitalini, au hata kukuua.

Maradhi ya kukaa

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. La kusikitisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa presha hata mara moja maishani. Maradhi haya hayana kelele. Mtu huyabeba miaka kumi akijiona mzima.

Kwamba kukaa kuna madhara si habari mpya. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza pamoja na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikuwa wakikaa siku nzima. Makondakta walikuwa wakipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Wote walifanya kazi katika gari lile lile na katika mji ule ule, lakini makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna mfano wetu. Bodaboda ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, na ilikuwa baiskeli, si pikipiki. Kijana alibeba abiria na mzigo kwa nguvu za mapaja yake. Baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zilienea vijijini na baiskeli zikasukumwa kando. Pikipiki imetusaidia sana, hasa kumfikisha mgonjwa hospitalini usiku. Lakini siku hizi mwendeshaji na abiria wote wawili wamekaa tu.

Baiskeli hutibu vipi?

Misuli ya mapaja na makalio ni miongoni mwa misuli mikubwa kabisa mwilini. Inapofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuitumia kama kuni. Zaidi ya hayo, baada ya mazoezi mwili huitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hushauriwa asikae zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Kwa upande wa presha, mishipa ya damu hulegea baada ya mazoezi na presha hushuka kwa saa kadhaa. Mtu mwenye shinikizo la damu anayefanya mazoezi kwa mfululizo huweza kupunguza ile namba ya juu kwa wastani wa 5 hadi 8. Hiyo ni nyongeza nzuri juu ya dawa zake, wala si sababu ya kuziacha.

Faida nyingine ni kwa magoti. Ukikimbia, kila hatua huyapiga magoti kwa uzito wote wa mwili. Ukiwa juu ya baiskeli, uzito mwingi hubebwa na kiti. Mtu mnene mwenye magoti mabovu ambaye hawezi kukimbia hata mita mia moja anaweza kuendesha baiskeli nusu saa bila kuumia.

Kipimo cha dawa hii

Kila dawa ina kipimo. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa hesabu rahisi, ni nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki.

Utajuaje kwamba mazoezi ni ya wastani? Tumia kinywa chako. Kama unaendesha na unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba wimbo, hapo umefika. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, punguza. Kipimo hiki kinawafaa hata wanaotumia vidonge vya presha vinavyopunguza mapigo ya moyo, kama atenololi, ambao kuhesabu mapigo kungewapotosha.

Sasa utaona kwa nini njia ni muhimu. Katika barabara kuu huwezi kukaa katika mwendo huo wa wastani. Lori likikupigia honi unakanyaga pedali kwa hofu, kisha unaingia ukingoni na kusimama. Moyo unakwenda mbio kwa woga, si kwa kazi. Mabega yanakakamaa. Ukifika nyumbani umechoka lakini hukupata hata dakika kumi za mazoezi yenye utaratibu. Katika njia tulivu, moyo hupanda polepole, hukaa pale pale kwa nusu saa, kisha hushuka polepole. Hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Ardhi ya Kabras ilivyo

Malava, mji mkuu wa Kabras, uko kando ya barabara kuu ya lami inayotoka Kakamega kwenda Webuye. Barabara hiyo imebeba mabasi ya Kisumu na Kitale, matatu, pikipiki na trela za miwa. Kwa zoezi lako la kila siku, iache. Ukilazimika kuivuka, shuka, tazama pande zote mbili, kisha vuka ukiisukuma baiskeli.

Pande zote mbili za lami kuna njia nyingi za changarawe na udongo zinazopita katikati ya miwa, mahindi na maboma ya watu. Kabla hujachagua mojawapo, elewa jinsi ardhi ilivyolala. Upande wa mashariki nchi inainuka kuelekea miinuko ya Nandi. Upande wa magharibi inashuka kuelekea Mto Nzoia. Vijito vingi hufuata mteremko huo, na katikati ya vijito kuna migongo ya ardhi ambapo watu wamejenga. Kaskazini magharibi, asubuhi isiyo na mawingu, utauona Mlima Elgon, volkeno iliyozimika zamani sana yenye kimo cha mita 4,321. Huo utazame tu kwa macho, usijaribu kuufikia wiki ya kwanza!

Kutokana na ulalo huo wa ardhi, nakupa kanuni tatu.

Kwanza, anza kwa kupanda, umalizie kwa kuteremka. Toka nyumbani ukielekea mashariki, yaani upande wa Nandi, wakati miguu bado ina nguvu. Ukichoka, geuza na mteremko utakusaidia kurudi. Wageni wengi hufanya kinyume. Huteremka kuelekea Nzoia wakifurahia upepo, wakajiona vijana tena, kisha wakakumbuka wakiwa huko chini kwamba kurudi ni kupanda tu, jua likiwa utosini. Hapo ndipo mtu wa miaka 50 hupatwa na maumivu ya kifua.

Pili, fuata mgongo wa ardhi, usikatize vijito. Njia inayokwenda sambamba na kijito, juu kwenye mgongo, huwa na miinuko ya upole. Njia inayokatiza kutoka mgongo mmoja hadi mwingine hukushusha ghafla hadi darajani na kukupandisha ghafla upande wa pili. Mpandisho mkali wa dakika tatu unaweza kuudai moyo usiozoea kazi kuliko nusu saa ya tambarare. Ukikutana nao, shuka usukume. Hakuna aibu, na kusukuma pia ni mazoezi.

Tatu, muulize anayejua. Kila kijiji kina mtu anayepeleka maziwa au mboga sokoni kwa baiskeli. Huyo amebeba mzigo katika njia hizo kwa miaka, na anajua ipi ina mchanga, ipi ina daraja bovu na ipi hujaa ng'ombe siku ya soko. Dakika tano za maswali kwake zina faida kuliko ramani.

Ukitaka siku moja ya kubadilisha mandhari, kuna sehemu ya kaskazini ya Msitu wa Kakamega iliyoko Buyangu, kusini mwa Malava, ambayo husimamiwa na shirika la wanyamapori la KWS. Kuna kiingilio, na ni lazima uwaulize askari langoni ni njia zipi zinaruhusiwa baiskeli. Hewa ni baridi, kivuli ni kingi na nyani weusi kwa weupe waitwao mbega huruka juu ya miti. Usifike huko kwa kuendesha kandokando ya lami. Pakia baiskeli juu ya matatu hadi karibu na njia ya kuingilia.

Jihadhari na miwa

Kabras ni nchi ya miwa, na jina lake limevuma hata katika raga: timu ya Kabras Sugar ilitwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Lakini kwa mwendesha baiskeli, miwa ina hatari tatu.

Hatari ya kwanza ni trekta na trela. Trela iliyojaa ni pana kuliko inavyoonekana, huyumba kwenye mashimo, na miwa hudondoka. Ukisikia mngurumo wake, toka njiani kabisa, usimame upande wa juu wa mteremko mpaka ipite. Usijishikilie nyuma yake kamwe, hata kama vijana wanafanya hivyo.

Hatari ya pili ni kona. Muwa uliokomaa hushinda mtu kimo. Huwezi kuona kinachokuja, na pikipiki haitakuona. Piga kengele kabla ya kila kona na ukae upande wa kushoto.

Hatari ya tatu ni giza. Baadhi ya trela husafiri usiku bila taa za nyuma. Kuwa nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Saa njema ya kutoka

Saa bora ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunapokuwa kumepambazuka, hadi saa tatu. Kakamega inajulikana kwa mvua kubwa ya alasiri yenye radi. Ukisikia ngurumo, zoezi limekwisha. Ingia katika nyumba, au ndani ya gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mti ulio peke yake, na usitoke tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Baada ya mvua, udongo huteleza kama sabuni, kwa hiyo ngoja kesho yake.

Wakati wa kiangazi tatizo ni vumbi. Mwenye pumu atembee na kipulizi chake mfukoni, wala asikiache nyumbani kwa kudhani hatakihitaji.

Kabla hujapanda

Pima presha. Kazi hii ni ya dakika tano katika zahanati yoyote. Ikiwa ni 180 kwa 110 au zaidi, usianze mazoezi kwanza. Muone daktari ili ishushwe. Pia muone daktari kabla ya kuanza ikiwa umewahi kupata maumivu ya kifua, kuzirai, kiharusi au ugonjwa wa moyo, au ikiwa una kisukari na vidonda miguuni.

Wenye kisukari wanaotumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, wasitoke na tumbo tupu. Sukari yaweza kushuka njiani. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Beba vijiko vitatu vya sukari katika karatasi, au chupa ndogo ya soda ya kawaida. Dalili zikija, simama na utumie mara moja, kisha upumzike dakika 15. Usisubiri kutafuna muwa shambani, kwani mtu anayetetemeka hana nguvu za kumenya.

Wanaotumia vidonge vya kuongeza mkojo wabebe maji ya kunywa, maana jua na jasho huwakausha upesi.

Baiskeli yenyewe

Ile Black Mamba nzito ya babu inafaa kabisa mradi ipite mitihani minne. Breki zote mbili zishike. Tairi zisiwe na nyufa. Usukani usicheze. Kengele ilie.

Kisha rekebisha kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma kwa mbele. Kiti kiwe sawa, kisielekee juu kwa mbele, kwa kuwa hubana neva za sehemu za siri na kuleta ganzi. Kila baada ya dakika kumi simama kidogo juu ya pedali ili damu ipite.

Vaa kofia ngumu ya baiskeli, kwani hupunguza sana majeraha ya kichwa, na shati la rangi inayoonekana. Akina mama, leso na sketi pana zifungwe juu, zisije zikashikwa na mnyororo. Wanaume wakunje mguu wa suruali wa kulia.

Ratiba ya wiki mbili

Wiki ya kwanza, siku ya kwanza hadi ya tatu: dakika 15 tu, katika njia tambarare, kila asubuhi. Siku ya nne pumzika. Siku ya tano hadi ya saba: dakika 20.

Wiki ya pili: dakika 30 kwa siku tano. Chagua siku moja kati ya hizo uende upande wa mashariki, upande kwa dakika 20 na kurudi kwa dakika 10. Siku mbili zinazobaki pumzika au tembea kwa miguu.

Dakika tano za mwanzo na tano za mwisho ziwe za mwendo wa polepole. Mkazi wa Nairobi hatasumbuliwa na hewa ya Kabras, kwani Nairobi iko juu zaidi. Anayetoka Mombasa ajipe siku mbili za kuzoea.

Simama mara moja

Simama, kaa chini na uombe msaada ukihisi mojawapo ya haya: kifua kubanwa au kulemewa, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi, kizunguzungu, au kukosa pumzi hata ukiwa umetulia. Usijiambie kuwa ni gesi ya tumbo. Ikiwa huna mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, tafuna aspirini ya miligramu 300 na upelekwe haraka hospitali ya Malava, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega. Upelekwe kwa gari. Usirudi nyumbani ukiendesha. Kwa sababu hiyo, asiende mtu peke yake wiki ya kwanza, na wa nyumbani wajue umepita njia gani.

Neno moja kuhusu malaria. Mtu aliyeishi Nairobi miaka mingi hana tena kinga aliyokuwa nayo utotoni. Lala ndani ya neti yenye dawa, na muulize daktari kuhusu vidonge vya kujikinga kabla ya safari. Ukipata homa, viungo kuuma na uchovu, hata wiki kadhaa baada ya kurudi mjini, usiseme ni baiskeli. Pima damu siku hiyo hiyo.

Ukirudi mjini

Faida ya mazoezi haihifadhiwi benki. Ukiacha kabisa, baada ya wiki chache mwili huanza kurudi ulikokuwa. Kwa hiyo beba kutoka Kabras si kuku na mahindi tu, bali na kanuni ile ile: tafuta njia tulivu kwanza. Nairobi kuna Msitu wa Karura, ambako baiskeli zinaruhusiwa katika njia maalumu. Kwingineko kuna mitaa isiyo na magari asubuhi ya Jumapili. Ukikosa vyote, shuka matatu vituo viwili kabla na utembee kwa haraka.

Anza na zile dakika 15, mpenzi msomaji, na umchukue mzee wako mkapime presha pamoja kabla ya Krismasi. Haba na haba hujaza kibaba. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.